Maduara Meupe kwenye Daraja la Zamani

Mlio ulinifikia kitandani kabla sijafungua macho. Chuma juu ya chuma, kisha kimya kifupi, kisha chuma tena. Ulitoka bondeni, kule mtoni. Nilikuwa nimefika nyumbani jioni iliyotangulia kutoka Nairobi, na tulipokuwa tukila mama aliniambia kwamba daraja la zamani la reli limepata mnunuzi: bwana mmoja wa vyuma chakavu kutoka Busia angekuja kulikata vipande. Siku hakuitaja. Kwa hiyo niliposikia ule mlio nilijua wameanza. Nilivaa ndara za mama nikashuka mbio katikati ya shamba la mhogo, ukungu ukiwa mzito hata nikaupita mlango wa ua wetu bila kuuona na kujikuta kwa jirani.

"Wewe, umekuja?" jirani akapaza sauti kutoka jikoni kwake. "Mwambie mzee wako sisi bado tuko na masikio, hata kama yake iliisha!"

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani anayepiga.

Nilimkuta baba amepiga magoti katikati ya daraja, kofia ya sufi kichwani, nyundo ndogo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameupitisha nyuma ya bamba la chuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka nyuma ya kabati. Akapiga. Akatulia. Akasogea kidogo. Akapiga. Hakunisikia nikija. Baba hasikii mengi siku hizi, na kile anachosikia kinapita kwenye sikio la kulia pekee, ukikaribia na kusema polepole.

Niliinama kwenye sikio hilo. "Baba, unafanya nini?"

"Nauliza," alijibu bila kugeuka. "Wao wanasema limeoza. Mimi nalipigia kila mahali, lenyewe liseme."

Baba alifanya kazi kwenye gengi la madaraja. Hao walikuwa watu wa reli waliokaa ndani ya behewa lililogeuzwa nyumba, wakiegeshwa wiki mbili hapa na mwezi mmoja kule, wakikwangua kutu, wakipaka rangi na kubadilisha ribiti zilizolegea, zile pini za chuma zinazobana mabamba. Masikio yake yaliishia kwenye kazi hiyo. Daraja letu hakulijenga; lilikuwepo kabla ya babu yake. Lakini alilihudumia miaka mingi, na reli ilipohamishiwa kwenye daraja la zege upande wa chini, naye akastaafu, hakuacha. Kila msimu wa mvua ulipokaribia alizunguka kwa mafundi wa pikipiki pale Malaba akiomba oili chafu kwenye debe, akaja kuimwagia miguu ya daraja. Nilipokuwa msichana niliona aibu. Wenzangu waliniuliza kama baba analilisha.

Si daraja kubwa. Treni ilimaliza kulivuka kabla hujafika mwisho wa sala ya Baba Yetu. Lina kuta mbili zinazofanana, na kila ukuta una boriti ya juu na boriti ya chini, na kati yake vyuma vilivyosimama wima na vingine vilivyolala mshazari, pembetatu baada ya pembetatu hadi ng'ambo. Reli ziling'olewa. Mataruma ya mbao yaliachwa, na palipooza watu wametandika mbao zao wenyewe. Mama hulivuka kwenda kwenye shamba lake la wimbi. Watoto hulivuka kwenda shule. Likiondoka, njia iliyobaki ni kuzungukia barabara kuu, kupita kando ya malori yanayongoja mpakani, mwendo wa saa nzima na mzigo kichwani.

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne hivi baba aliponieleza kwa nini ni pembetatu. Wazee walikuwa wamemaliza chungu cha ajono, ile pombe yetu ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, na mirija miwili mikuukuu ilikuwa imevunjika. Baba aliikata vipande sawasawa. Vinne alivifunga kwa uzi vikawa mraba, akanipa. "Sukuma pembeni." Nilisukuma kwa kidole, mraba ukalala. Akafunga vitatu. Nilisukuma, nikasukuma tena, nikakaza meno. Pembetatu haikwenda popote. "Basi," akasema, "hiyo ndiyo siri yote. Mengine ni uzito tu."

Baadaye alinionyesha hayo mengine pia. Kwamba chuma hiki cha mshazari kinavutwa na kile cha wima kinasukumwa, na ndiyo maana kimoja ni chembamba na kingine kinene. Kwamba upande wa Malaba daraja limefungwa kwenye nguzo ya mawe, lakini upande wa ng'ambo limekaa juu ya magogo ya chuma yanayobingirika, kwa kuwa jua likichoma chuma hurefuka, na jioni hujikunja. Ile oili chafu ilikuwa kwa ajili ya magogo hayo. Kwamba kila kipande kina herufi na namba iliyogongwa, kwa sababu vyote vilitengenezwa mbali, vikaletwa kwa meli na kwa treni, na watu waliovipokea hapa hawakuwa na la kuwaongoza isipokuwa namba hizo. Watu hao, alisema, ndio waliolijenga. Waliotuma vyuma walituma vyuma.

Na ribiti. Ribiti huingizwa tunduni ikiwa nyekundu kwa moto, hupigwa ikawa na vichwa viwili, huku na huku, na ikipoa hujivuta na kubana mabamba pamoja. Ikilegea, kutu hupenya chini ya kichwa. Kuijua iliyolegea hakufanywi kwa macho. Unaweka kidole upande mmoja, nusu juu ya kichwa cha ribiti na nusu juu ya bamba, unapiga nyundo upande wa pili. Iliyo nzima hukaa kimya chini ya kidole. Iliyolegea hutikisika kidogo sana, kama mshipa wa shingo.

Asubuhi ile kwenye ukungu, baba alikuwa akifanya hivyo peke yake, mkono mmoja huku na mwingine kule, mwili umejikunja. Ana miaka sabini na kitu. Nilichukua nyundo mkononi mwake.

"Mimi nipige," nikamwambia sikioni. "Wewe uguse."

Ombi la kulihifadhi daraja nililipeleka mwenyewe kwenye ofisi za kaunti kule Busia, karatasi tatu nilizoziandika usiku mmoja na kuzifupisha asubuhi, kwa kuwa mama alizisoma akasema, "Hii ni barua au mazishi?" Jibu lilikuja kupitia kwa naibu wa chifu. Mhandisi angekuja Alhamisi kulikagua. Akisema linaweza kubeba watu, lingebaki, liandikwe miongoni mwa vitu vya kale vya kutunzwa. Akisema haliwezi, bwana wa vyuma angeanza kukata Ijumaa.

Bwana huyo alikuja Jumatatu kupima. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye futi ya kukunja kiunoni, na alitusalimia kama jamaa.

"Mzee, mimi si mwizi," alisema kwa sauti kubwa. "Niko na karatasi. Hii kitu imekufa zamani, mimi ni wa kuzika tu."

Baba alimtazama midomo. "Umesema nini?"

"Nimesema imekufa!"

"Nani?"

"Daraja!"

"Basi mbona umekuja juu yake na lori imebaki kule? Si ungeivusha?"

"Lori haiwezi!"

"Na wewe?"

Jamaa alicheka hadi akashika tumbo. "Dada," akaniambia, "huyu mzee wako ni shida. Lakini daraja hailiwi. Niko na vijana kumi na wawili wanangoja hii kazi."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilinikaa rohoni. Lakini nilimwona mama akivuka na jembe begani, miguu ikijua kila taruma bila kuangalia, na nikaendelea kupiga.

Tulikagua viungo vya chini, ambako majani na udongo hukusanyika na chuma huoza kwanza. Mimi napiga, baba anagusa. "Nzima." "Nzima." "Mbovu." Niliandika kwenye daftari, kiungo kwa kiungo. Hadi Jumanne jioni tulikuwa tumebakiza kiungo kimoja tu, na mbovu zilikuwa chache kuliko nilivyoogopa. Nilianza kuwa na matumaini, na matumaini ndiyo yaliyoniponza.

Jumatano goti la baba lilivimba. Mama alimfunga kitambaa cha maji moto na kumkataza kutoka. "Kesho ni ya mhandisi," alisema. "Leo ni ya mguu." Basi nilishuka peke yangu. Kiungo cha mwisho kilikuwa kipana, na mkono wangu haukufika nyuma ya bamba huku nikipiga. Nilipiga tu, nikasikiliza. Nina masikio mazuri. Zote zililia vizuri, nikaandika nzima.

Kisha nikatazama daraja lote, na likaonekana kama lilivyo kwa mtu asiyelijua: kutu tupu. Nilimwona mhandisi akishuka kwenye gari, akilitupia jicho mara moja na kuandika neno moja. Nilitaka aone uzima kabla ya kuona ubovu. Nilipanda boda hadi Malaba, nikanunua kopo dogo la rangi nyeupe na burashi, nikarudi. Nikifuata daftari, nilizungushia duara kila ribiti iliyokuwa nzima. Mbovu niliziacha zilivyo. Nilifanya hivyo mchana kutwa, shingo ikiuma, na jua lilipoinama upande wa Uganda daraja lilikuwa limejaa maduara meupe kutoka mwisho hadi mwisho. Nililiona zuri. Nilirudi nyumbani nikalala bila kumwambia baba, nikitaka aone mwenyewe.

Mhandisi alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kazi, nywele zimefungwa kwa leso. Alikuja na naibu wa chifu, na bwana wa vyuma nyuma yao. Baba alitembea kwa fimbo. Tulipofika kichwani mwa daraja, mhandisi alisimama ghafla.

"Nani amelikagua kabla yangu?" aliuliza.

"Sisi," nilisema. "Baba na mimi."

"Na mmelikataa lote?"

Sikuelewa. Nilitazama uso wa baba. Alikuwa ameona. Midomo yake ilifunguka, akaondoa kofia polepole kama mtu aliyefika kwenye msiba.

"Duara jeupe," mhandisi alinieleza, bila ukali, "kwenye kazi ya reli ni alama ya ribiti ya kukatwa. Ile iliyokufa. Nzima haiwekewi alama. Kila mtu wa gengi anajua hivyo."

Bwana wa vyuma alipiga makofi mara moja. "Sasa mzee mwenyewe amesaini! Boss, kuna haja gani ya kuendelea?"

Kuna aibu inayokuja moto na nyingine inayokuja baridi. Hii ilikuwa baridi. Nililelewa na mtu wa gengi, na sikuwahi kumuuliza alama zao. Kwake lilikuwa jambo ambalo mtu haambiwi, kama vile humwambii mtu kwamba mlango hufunguliwa kwa kitasa.

"Ni makosa yangu," nilisema. "Nilizungushia nzima. Daftari hili hapa, angalia."

"Daftari uliandika wewe. Na kama unajua kutofautisha nzima na mbovu, ilikuwaje hukujua alama?" mhandisi aliuliza.

Naibu wa chifu alitazama saa. Mhandisi alianza kufunua fomu yake, na kalamu ilikuwa tayari mkononi niliposema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Chagua wewe."

"Nini?"

"Chagua ribiti yoyote. Piga wewe, baba aguse. Hasikii, kwa hiyo hata ukipiga kwa hila haimsaidii. Akikosea moja, andika unavyotaka."

Mhandisi alimtazama baba, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, kisha vidole vya baba, vilivyopondeka kucha. Nadhani ni vidole hivyo vilivyomfanya achukue nyundo.

Baba alielewa mara tu alipoiona nyundo mkononi mwa mhandisi. Alishuka chini kwa shida, goti lililofungwa likiwa limenyooka pembeni, akapitisha mkono nyuma ya bamba na kufumba macho. Mhandisi alipiga.

"Nzima," alisema baba, kwa ile sauti yake ya juu ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe.

Alipiga nyingine. "Nzima." Akahamia kiungo cha pili, akapiga isiyokuwa na duara. "Mbovu." Mhandisi aliinama, akaweka kidole chake mwenyewe palipokuwa na cha baba, akanipa nyundo nipige. Nilipiga. "Mbovu kweli," alisema. Kisha, kwa upole zaidi, "Mzee mmoja alinifundisha hivi nikiwa mwanagenzi. Sijafanya siku nyingi."

Waliendelea hivyo. Bwana wa vyuma alisogea karibu, akasimama, akasogea tena. Hatimaye akachuchumaa. "Mzee, hebu nami." Baba alimshika kidole cha shahada kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, akakiweka mahali. Nilipiga. Jamaa alirusha mkono nyuma. "Ee! Inapumua!" Baba alimhamishia kwenye nzima. Nilipiga. Jamaa alingoja, akangoja, akatikisa kichwa.

Kisha tukafika kwenye kiungo cha Jumatano.

Mhandisi alipiga ribiti yenye duara langu jeupe. Ililia vizuri, kama ilivyonililia mimi.

"Mbovu," alisema baba.

Mhandisi alijaribu kwa kidole chake. Mbovu. Bwana wa vyuma alinitazama, na sikuona furaha usoni mwake. Nilimkaribia baba sikioni. "Baba, hiyo nilipima peke yangu. Nilisikiliza tu. Ililia kama nzima."

Alifumbua macho. "Imejaa kutu na rangi ya zamani ndani," alisema. "Ikishiba hivyo, inalia kama nzima. Ndiyo maana watu wa gengi walikuwa wawili. Anayepiga hahukumu." Alisema bila lawama, kama fundi anayemweleza msaidizi, na hapo ndipo macho yalipojaa, nikayageuzia mtoni.

Katika kiungo kile mbovu zilikuwa nne. Mhandisi aliziandika zote, akaniomba daftari, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa, na penye makosa yangu akakata kwa wino mwekundu. Hakulirudisha. Aliliweka ndani ya faili lake.

Uamuzi alitusomea ofisini kwa naibu wa chifu, chumba cha mabati chenye benchi moja na kalenda ya duka la mbegu. Tulikaa tumebanana: mimi na baba, mama aliyekuja moja kwa moja kutoka shambani na udongo miguuni, bwana wa vyuma kwenye ukingo. Daraja lisikatwe kwa sasa. Livukwe na watu kwa miguu tu, si pikipiki, si ng'ombe. Kila ribiti mbovu iondolewe na mahali pake itiwe bolti ya chuma kigumu. Viungo visafishwe. Alama zilizopakwa kimakosa zikwanguliwe zote. Baada ya miezi sita atarudi kukagua tena. Kazi ikiwa haijafanyika, au imefanywa ovyo, mkataba wa kukata utaendelea.

Nilimrudia baba kila sharti sikioni, moja moja. Aliitikia kwa kichwa kila mara. Nilipofika kwenye miezi sita alinishika kiganja.

"Bolti za saizi gani?" aliuliza.

Mhandisi alimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Baba aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Nani atapanda kwenye vyuma huko?" mama alimuuliza kwa ishara, akionyesha goti la baba.

Baba alininyooshea kidole bila kunitazama. Nilikuwa na basi la kurudi Nairobi Jumamosi. Nilisema, "Sawa," na mama akasogeza miguu yake ili nikae vizuri.

Bwana wa vyuma alisimama. Alikunja futi yake, akaichomeka kiunoni, akapeana mkono na mhandisi, na naibu wa chifu, na mama. Kwa baba alisimama sawasawa mbele yake, ili midomo ionekane.

"Mzee, miezi sita si mingi," alisema. "Nitarudi."

"Rudi," alisema baba. "Uje na spana, na wale vijana wako."

Jamaa alifungua kinywa kama anayetaka kucheka, akakifunga. Akaenda mlangoni, akageuka mkono ukiwa kwenye kitasa. "Spana iko, na vijana pia," alisema hatimaye, na akatoka, na mlango wa mabati ukafungwa nyuma yake.